Seydou Keïta: Seremala wa Bamako aliyejifunza kuuweka mwanga usoni

Mwaka 1948, katika mtaa wa Bamako-Coura, jirani na gereza kuu la mji na si mbali na stesheni ya reli, seremala mmoja kijana alitandua shuka la kitanda chake, shuka lenye matamvua pembeni, akalitundika uani kwao. Mbele ya shuka aliweka mahali pa kukaa mteja, na mbele ya mteja akasimamisha kamera kubwa ya mbao juu ya miguu mitatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa studio. Kijana huyo, Seydou Keïta, hakuwa amesoma shule, wala hakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa. Alipofariki dunia mjini Paris tarehe 21 Novemba 2001, picha alizopiga mbele ya shuka lile na ya mapazia yaliyolifuata zilikuwa zikitazamwa katika majumba makubwa ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, na watu waliosoma sana walikuwa wakibishana jinsi alivyoweza.

Tunayarejea maisha yake kwa sababu ya jambo linaloonekana mara kwa mara hapa Juba. Katika mtaa wa Nyakuron, kuzunguka kile kituo cha utamaduni ambacho wengi wetu tunakijua kwa matamasha na harusi, vijana wanaojifunza upigaji picha hukutana jua linapoanza kuinama. Mmoja hushika kamera, mara nyingi ya kuazima. Mwingine hushika kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi nyeupe ili kuurudisha mwanga. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni dada au binamu wa mmojawapo, hukubali kuwa modeli, na huambiwa ageuke, ainue kidevu, aweke mkono kiunoni, aushushe tena. Kupiga picha barabarani mjini Juba huweza kumletea mtu maswali ya askari na madai ya kibali, kwa hiyo ua wa nyumba ndio darasa lao, na ukuta ndio ubao wao.

Malalamiko yao hufanana. Uso wa modeli umekuwa kivuli kitupu huku shati jeupe likimeremeta; au uso umeonekana vizuri lakini anga la nyuma limeungua. Wengi huamini kwamba dawa ni taa ya bei kubwa, na kwa kuwa taa hiyo haipatikani, basi picha nzuri nayo haitapatikana. Keïta alifanya kazi yake iliyo bora kabisa kwa kutegemea zaidi jua la uani.

Alizaliwa Bamako yapata mwaka 1921. Wakati huo nchi ile haikuitwa Mali. Ilikuwa koloni la Ufaransa, na jina lake lilikuwa Sudani ya Kifaransa. Msomaji wa Juba huenda akashtuka kidogo kulikuta jina hilo upande ule wa bara, lakini asili ni moja: Waarabu waliita ukanda wote ulio kusini ya Sahara nchi ya watu weusi, na wakoloni wawili, Mwingereza huku na Mfaransa kule, wakalichukua jina hilo kila mmoja kwa ramani yake. Nyuma ya picha zake Keïta aligonga muhuri wenye jina lake, mtaa wake, gereza lililokuwa jirani yake, na jina la nchi: Sudani. Sisi tunaotafsiri habari kila siku hulazimika kuangalia mara mbili tunapokutana na muhuri huo.

Baba yake alikuwa seremala, na mjomba wake vilevile, na Seydou aliingizwa katika ufundi huo angali mtoto. Mwaka 1935 mjomba, aliyeitwa Tièmòkò, alirudi kutoka safari ya Senegal akiwa na kamera ndogo ya Kodak, aina ya Brownie, akampa mpwa wake. Ilikuwa kamera ya watu wasio mafundi: boksi, lenzi moja, filamu ya picha chache. Kijana aliwapiga jamaa zake. Picha za mwanzo zilitoka vibaya, watu wamesogea, mkono wa mpigaji umetetemeka. Hakuacha. Kwa miaka mingi aliendelea kutengeneza samani mchana na kupiga picha kwa wakati uliobaki, na ninaona kwamba useremala huo haukupotea bure. Mtu aliyezoea kupima mbao kwa jicho, kujua pembe mraba na pembe iliyolegea, hutazama mabega ya binadamu kwa namna yake.

Walimu wake walikuwa wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na darasa. Wa kwanza ni Pierre Garnier, Mfaransa aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mjini Bamako, ambako filamu zilinunuliwa na kusafishwa. Wa pili, na ndiye mkubwa zaidi, ni Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule ambaye pia alikuwa mpigapicha, mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuifanya kazi hiyo katika mji ule. Dembélé alimruhusu kukitumia chumba chake cha giza. Neno hilo, chumba cha giza, vijana wa Nyakuron hulisikia kama hadithi za mababu, kwa kuwa simu hutoa picha papo hapo. Lakini humo ndimo Keïta alimoujua mwanga. Mtu aliyekaa gizani akitazama karatasi nyeupe ndani ya sinia la dawa, akisubiri uso ujitokeze polepole, hujifunza haraka kwamba alichokiona kwa macho uani sicho kilichobaki kwenye filamu. Jicho husamehe kivuli, filamu haisamehi.

Basi mwaka 1948 akafungua studio yake kwenye kiwanja cha familia. Mahali palikuwa pazuri kwa biashara. Reli ya kutoka Dakar ilikuwa ikimwaga wasafiri kila mara, na soko na sinema havikuwa mbali. Walikuja makarani wa serikali, wafanyabiashara, wanajeshi, wasichana walioposwa, akina mama na watoto mgongoni, wageni kutoka Senegal na Côte d'Ivoire waliotaka kupeleka nyumbani ushahidi kwamba mambo yao yamewanyookea. Siku za Idi, hasa ile ya kuchinja ambayo Afrika Magharibi huitwa Tabaski, foleni ilikuwa ndefu. Kila mtu alikuwa na nguo mpya, na nguo mpya isiyopigwa picha ilikuwa kama haijavaliwa.

Kamera aliyoitumia zaidi ilitoa negativu ya sentimita 13 kwa 18, karibu ukubwa wa daftari dogo la shule. Picha nyingi alizichapisha kwa kuilaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi, bila kuikuza, na mteja akaondoka na picha ya ukubwa uleule. Negativu ya namna hiyo huhifadhi kila uzi wa nguo na kila msuko wa nywele. Lakini ilikuwa ghali, na hapa ndipo tabia yake ya kazi ilipotokea: alipiga mara moja tu. Mteja mmoja, negativu moja. Hakuna kurudia.

Jambo hilo linahitaji kutafakariwa na yeyote anayejifunza leo kwa kamera isiyohesabu gharama. Mwanafunzi wa Nyakuron hupiga picha 200 alasiri moja kisha huketi usiku kuchagua. Hakuna ubaya, na kwa kujaribu mwanga ni faida kubwa. Lakini majaribio ya Keïta yalibidi yafanyike kabla ya kubonyeza: kumzungusha mteja, kumtazama, kumwomba ashushe bega, kumtazama tena, kusubiri wingu lipite. Majaribio yake yote yako katika dakika ambazo hatuzioni.

Tuutazame mwanga wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo vijana wetu wanapokwama. Keïta alikuwa na taa za umeme za kutumia ndani, lakini aliupenda mwanga wa mchana, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya uani. Ukizitazama picha hizo kwa makini, huoni kile kivuli kikali cha jua la saa sita mchana, chenye mashimo meusi machoni na mstari mweusi chini ya pua. Unaona mwanga mpana, uliotulia, unaotoka upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Ni mwanga wa mahali penye kivuli lakini anga likiwa wazi mbele, ambapo anga lote huwa taa moja kubwa. Yeyote anaweza kuupata: msogeze modeli hatua mbili ndani ya kivuli cha ukuta, mgeuze uso uelekee upande wenye mwangaza, kisha msubiri. Ardhi ya uani nayo, ikiwa ya rangi ya mchanga, hurudisha sehemu ya mwanga kuelekea chini ya kidevu na machoni.

Kwa ngozi nyeusi hilo lina maana ya pekee. Uso wa rangi nyeupe huonekana umbo lake kwa vivuli; uso mweusi huonekana umbo lake zaidi kwa mng'ao, pale mwanga unapoteleza juu ya paji la uso, mfupa wa shavu, ukingo wa mdomo. Ukiupiga uso huo kwa mwanga wa mbele ulio mkali, kama ule wa simu, mng'ao hukusanyika katika doa moja na uso hulala bapa kama karatasi. Ukiuletea mwanga mpana kutoka kando, kila sehemu huchukua kiasi chake, na uso husimama. Keïta hakuiandika kanuni hiyo mahali popote, lakini ipo katika kila picha. Wateja wake wana weusi wa daraja nyingi, na weusi huo haukupauka wala haukuzama.

Tusisahau kwamba vifaa vyenyewe havikuwa upande wao. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 kampuni ya Kodak ilianza kusambaza kwa maabara za picha za rangi kadi za kupimia zenye sura ya mwanamke mweupe, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyo sahihi. Ilichukua miongo kadhaa kadi hizo kuwekewa watu wa rangi nyingine. Kamera za leo nazo, zikiachwa zijipimie zenyewe, hutafuta wastani wa picha nzima: zikiona shati jeupe na ukuta uliopakwa chokaa hupunguza mwanga, na anayeumia ni uso. Kwa hiyo malalamiko ya vijana wa Nyakuron yana historia ndefu, na si uzembe wao.

Turudi Bamako. Shuka la kwanza lilitumika kwa miaka kadhaa, kisha Keïta akaanza kubadilisha pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu: lenye majani, lenye mapambo ya kuzunguka, la kijivu tupu. Alipokuwa mzee na watu wakamwomba ataje mwaka wa kila picha, aliutambua kwa kulitazama pazia. Mara nyingi wanawake walifika wamevaa vitambaa vyenye maua makubwa au mistari, na nguo hizo zikakutana na pazia lenye maua yake. Kwa kanuni za vitabuni hiyo ni vurugu. Katika picha zake nguo na pazia hupigana, na katikati ya vita hivyo uso ndio mahali pekee palipotulia, kwa hiyo jicho hukimbilia hapo. Si kila mara alipanga hivyo. Mengine yalitokea kwa bahati tu. Lakini alikuwa na jicho la kuitambua bahati ilipokuja.

Sasa mkao, au pozi kama vijana wanavyosema. Ukutani mwa studio alitundika mifano ya picha zake, na mteja aliingia, akatazama, akaonyesha kwa kidole jinsi anavyotaka. Keïta alimkalisha hivyo. Kisha, kama aliona haimfai, alimpendekezea mkao mwingine, akamgeuza kichwa kidogo, akaulaza mwili kidogo. Mkao uliompa jina ni ule wa nusu mwili, mabega yamegeuzwa robo tatu, uso ukirudi kumtazama mtazamaji. Aliona kuwa mtu aliyesimama wima akiikabili kamera huonekana kama anasubiri hukumu. Ukimgeuza kidogo, shingo huonekana, shavu moja huingia mwangani na jingine hubaki nyuma kidogo, na mtu huwa na kina. Alipenda pia kuukata mraba wa picha kwa mshazari: mwanamke ameegemea kwa kiwiko, vazi lake limetandazwa hadi ukingoni, vito vyake na vidole vyake virefu vimewekwa pale vitakapoonekana, kwa kuwa katika Bamako ya wakati ule uzuri wa mwanamke ulisomwa pia mikononi.

Vifaa vilikuwa vingi. Alikuwa na suti za kizungu, tai na kofia za kuazimisha, saa za mkononi, kalamu za kuchomeka mfukoni, redio, maua ya plastiki, pikipiki ya Vespa, na baadaye gari lake mwenyewe, Peugeot 203, ambalo watu waliegemea kana kwamba ni lao. Baadhi ya wasomi wa Ulaya wamelichukulia jambo hilo kama maigizo. Sidhani kuwa ni sawa. Karani aliyeazima kalamu mbili za mfukoni alijua kuwa jirani zake wanajua si zake. Alichokuwa akikisema ni anakoelekea. Picha ya mwaka 1959 inayojulikana kuliko nyingi ina kijana mwenye suti nyeupe na miwani mizito, ameshika ua moja mbele ya kifua chake kwa vidole vilivyokunjwa kwa uangalifu. Anatutazama bila kutabasamu na bila kuogopa. Hatujui aliazima nini na alimiliki nini, na ukimtazama, swali hilo huondoka lenyewe.

Hapa inatupasa kusogea kidogo upande wetu. Katika miaka ya 1920 na 1930, mwanazuoni Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikuwa akizunguka miongoni mwa Wazande na Wanuer wa nchi hii, akipiga picha ambazo leo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford. Ni hazina, na wapo wazee ambao wangefurahi kuziona. Mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya shuka la Bamako kutundikwa, George Rodger alifika milima ya Wanuba na kupiga zile picha za wacheza mieleka zilizozunguka dunia, na katika miaka ya 1970 Mjerumani Leni Riefenstahl akatoa kitabu chake juu ya watu haohao. Katika picha za namna hiyo aliyechagua mwanga, pembe, saa na sababu ni mgeni. Anayepigwa hakulipia, hakuagiza, na kwa kawaida hakuondoka na nakala. Kule Bamako mteja alilipa, akachagua, akavaa alichotaka, akaichukua picha yake akaitundika sebuleni. Picha hizo mbili zaweza kufanana kwa uzuri wa mwanga, lakini mwenye picha ni tofauti.

Upande wa pwani msomaji wa Kiswahili anaikumbuka hali hiyo ya pili. Unguja ilikuwa na studio ya familia ya Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Mombasa kulikuwa na Parekh, ambako maharusi na marafiki walipangwa mbele ya mapazia yaliyochorwa. Nyumba nyingi za Waswahili zina picha kutoka katika moja ya studio hizo, ndani ya bahasha, chini ya nguo sandukuni. Keïta hakuwa peke yake barani, na hilo halimpunguzii kitu.

Tarehe 22 Septemba 1960 Sudani ya Kifaransa iliyobaki baada ya kuvunjika kwa muungano wake na Senegal ikawa Jamhuri ya Mali, na Modibo Keïta akawa rais. Mwaka 1962 serikali mpya ilimtaka Seydou awe mpigapicha wake rasmi. Haukuwa mwaliko wa kukataliwa. Kwa muda alijaribu kushika yote mawili, kisha studio ikafungwa. Kuanzia hapo alipiga mapokezi ya wageni, mikutano, sherehe. Mtu aliyekuwa na dakika nzima ya kumgeuza mteja mmoja uani alijikuta akikimbia na viongozi wasiogeuzwa na mtu. Kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 1977, baada ya serikali ya kwanza kupinduliwa na wanajeshi kushika hatamu. Ninaona, na nasema kwa maoni yangu tu, kwamba taifa jipya lilimpa heshima na kumnyang'anya kazi kwa siku moja. Picha zinazotajwa na ulimwengu leo ni za miaka ile 15 au karibu na hapo ya studio.

Baada ya kustaafu aliishi kimya. Alipenda ufundi wa injini, na alijishughulisha na kutengeneza vyombo vya moto. Negativu za studio, maelfu kwa maelfu, alizihifadhi kwa utaratibu sandukuni, bila kujua kama kuna mtu atakayeziuliza tena. Picha za rangi zilikuwa zimefika, na watu hawakutaka tena picha nyeusi na nyeupe za mtindo wa zamani.

Mwaka 1991, katika maonyesho ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20 mjini New York, zilitundikwa picha kadhaa za watu wa Bamako. Waliozitazama walisimama. Maelezo chini yake yalisema kwamba mpigaji hajulikani. Mtu aliyegonga muhuri wenye jina lake na mahali alipo, aliyekuwa hai, mzima, akikaa mtaani kwake, alikuwa hajulikani. Mfaransa André Magnin, aliyekuwa akikusanya sanaa kwa niaba ya tajiri Jean Pigozzi, alifunga safari hadi Bamako kumtafuta mwenye picha hizo. Kumpata hakukuwa kazi ngumu. Wapigapicha wa mji walimjua mzee wao.

Mwaka 1994 picha zake zilipewa maonyesho yake mwenyewe mjini Paris, katika jumba la Fondation Cartier, na mwaka huohuo Bamako ikaanzisha maonyesho ya upigaji picha wa Afrika ambayo yamekuwa yakirudi tangu hapo. Negativu zilichapishwa upya Paris kwa ukubwa ambao haukuwahi kufikiriwa uani, nyeusi yake nzito, nyeupe yake kali. Keïta mwenyewe alipoziona kwa mara ya kwanza zikiwa kubwa na safi alifurahi mno, na akasema ndipo alipojua kwa hakika kuwa kazi yake ilikuwa nzuri. Furaha hiyo tusiipuuze, ingawa wapo wajuzi wanaosema kwamba nakala za zamani, zile ndogo, zina wororo wa mwanga ambao umepotea katika zile kubwa, na kwamba picha iliyotengenezwa ishikwe mkononi na jamaa imegeuzwa kuwa picha ya kutazamwa kwa mbali na wageni.

Pamoja na umaarufu zilikuja fedha, na pamoja na fedha ukaja mgogoro. Nani mwenye negativu? Nani mwenye haki ya kuchapisha, kwa ukubwa gani, na kutia sahihi? Katika siku zake za mwisho Keïta aliachana na waliomtangaza, ikaundwa jumuiya yenye jina lake, na baada ya kifo chake mabishano yakaendelea hadi mahakamani. Kijana wa Nyakuron anayepakia picha zake mtandaoni bila jina, kisha akazikuta kwenye bango la harusi ya mtu mwingine, anaielewa kesi hiyo bila kuhitaji wakili.

Wasiojulikana hadi leo ni wale waliokaa mbele ya pazia. Keïta alikumbuka pazia, alikumbuka nguo, aliwakumbuka baadhi ya watu. Wengi majina yao hayakuandikwa, kwa kuwa kwa matumizi ya wakati ule hayakuhitajika. Waliokuwa nayo picha nyumbani walijua huyu ni shangazi, yule ni rafiki wa baba alipokuwa reli. Mwaka 2016, zilipoonyeshwa katika jumba la Grand Palais mjini Paris, pamoja na zile kubwa ziliwekwa pia nakala za zamani za sentimita 13 kwa 18, zenye kingo zilizochakaa, na nyingine zilizopakwa rangi kwa mkono kwenye vito na midomo. Watu walilazimika kuinama ili kuziona.